Miguu Ndani ya Maji ya Luhanga

Jumamosi moja ya Machi mwaka 2018, saa nne na robo asubuhi, fundi cherehani Octave na muuza samaki Othmani waliliingiza tangi la kioo la futi nne katika nyumba ya vyumba viwili huko Troyeville, Johannesburg, wakaliweka juu ya meza ambayo mpaka asubuhi hiyo ilikuwa ya televisheni. Televisheni ilihamishiwa juu ya kabati la vyombo. Falonne, binti wa Octave mwenye miaka kumi na miwili, alisema eish, papa, sasa tutakuwa tunatazama mpaka shingo ziume. Octave alikuwa amepiga magoti na jicho moja amelifumba, akiipima meza kwa futi kamba yake ya ushonaji. Mguu mmoja ulikuwa mfupi, akakunja kipande cha kitambaa kilichobaki kwenye suruali ya mchungaji, akakisukuma chini yake.

Othmani alikuwa mtu wa Tanga mwenye duka la samaki wa mapambo kule Turffontein, hatua chache kutoka uwanja wa mbio za farasi. Wiki mbili kabla, Octave alikuwa amepeleka suti ya mteja upande huo, mvua ikamfukuza mpaka ndani ya duka. Akawa anatazama tu, kama wanavyotazama watu wasio na nia ya kununua, mpaka alipofika tangi la mwisho karibu na mlango wa choo. Humo mlikuwa na samaki wadogo weusi wenye mkanda wa rangi ya chungwa kiunoni, wakichuna ukoko wa kijani kwenye mawe. Juu ya kioo kulibandikwa karatasi imeandikwa Luhanga.

"Hawa nawajua," alisema Octave.

"Unawajua wapi, bwana?"

"Nimeoga nao."

Hakuwa anatia chumvi. Luhanga ni pwani ya mawe ya ziwa, kusini mwa mji wa Uvira huko Kongo, na ndiko alikozaliwa. Watoto wa huko waliwaita samaki wa mawe basi, na hakuna aliyewala, maana ni miiba mitupu. Kazi yao ilikuwa kuwatekenya watu visigino waliposimama majini kufua.

Othmani alimweleza kwamba samaki hao walikuja kwa ndege, ndani ya mifuko iliyojazwa hewa, na barua moja ya daktari wa mifugo kusema hawana ugonjwa. Siku tatu, wakaruhusiwa kukaa. Barua yenyewe ilikuwa imebandikwa ukutani, na Octave aliisoma mara mbili. Yeye alikuwa na miaka kumi na minne katika mji huu, na karatasi yake ya kuomba hifadhi ilikuwa bado inaongezwa muda miezi sita kwa miezi sita, kwenye ofisi ambayo watu hupanga foleni tangu saa kumi za alfajiri. Hakuwaonea samaki wivu. Alisema tu kwamba anawataka.

"Samaki baadaye," alisema Othmani. "Kwanza maji yaive."

Siku tangi lilipowekwa, Othmani aliyarudia maelezo hayo mbele ya familia nzima, kikombe cha chai mkononi. Maji ya bomba yametiwa dawa ya kuua vijidudu, na pasipo vijidudu mavi ya samaki hugeuka sumu. Kwa hiyo unajaza tangi, unawasha kichujio, unatia punje za chakula zioze, kisha unakaa wiki sita bila samaki hata mmoja, mpaka vijidudu vijijengee makao ndani ya sponji la kichujio. Tena maji ya Johannesburg ni laini, na samaki wa ziwa lile wanataka maji magumu. Dawa yake ni mawe ya chokaa na mchanga wa matumbawe.

Léocadie, mke wa Octave, alikuwa mwanamke asiyeweza kuona kikombe kichafu akabaki amekaa. Alisikiliza yote hayo mikono kaifumbata kifuani.

"Donc, yaani tutafuga uchafu," alisema.

"Tunafuga uhai, shemeji."

"Uhai wenye kunuka."

Wiki sita hizo Octave alikaa kila jioni mbele ya tangi lisilo na kitu. Majirani walikuja kutazama maji na mawe, wakarudi kwao wakiamini kwamba sindano hatimaye imemchosha kichwa. Yeye hakujali. Aliwasimulia jinsi mama yake alivyokuwa akianika ndagala, dagaa wa kwao, juu ya mchanga, na jinsi harufu ile ilivyoshika sare ya shule mpaka walimu wa mjini Uvira wakamkalisha dirishani. Aliwasimulia mawe madogo yanavyoviringika chini ya wimbi, sauti ambayo hajaisikia popote pengine duniani, na milima ya Burundi inavyosogea karibu asubuhi ya baada ya mvua, mpaka unadhani utaona mtu wa huko akipiga mswaki. Aliwasimulia mikeke ya kukaanga, samaki mtamu kuliko wote wa ziwa lile. Hapo kwenye mikeke aliacha kusimulia kila mara, akaomba chai. Falonne alikuwa ameyasikia mambo haya mara nyingi hivi kwamba aliweza kuyamalizia kwa Kiingereza bila kuinua macho kutoka kwenye simu.

Wiki ya saba samaki walikuja, kumi na tano kwa mpigo. Othmani alisema ukiweka wanne, mmoja atawaonea wenzake mpaka awamalize. Kumi na tano, ugomvi unagawanyika na kila mtu anapata kipande chake. Octave alisema hata kwenye nyumba za kupanga ni hivyo hivyo. Walilishwa chakula cha mwani, kidogo kidogo, bila nyama wala dagaa, maana matumbo yao ni marefu na nyama huwavimbisha. Samaki walizunguka mawe mara moja, wakachagua kila mmoja jiwe lake, wakaanza kukimbizana.

Siku ya nne juu ya maji kulionekana povu la sabuni. Octave alimshuku mkewe, na Léocadie aliapa kwa jina la marehemu baba yake kwamba hajagusa kitu. Octave alilinusa lile povu. Ilikuwa sabuni ya mawese. Kesho yake palikuwa na mchanga mweusi katikati ya mchanga mweupe wa dukani, na kesho kutwa yake mawimbi madogo yalianza kupiga kioo moja baada ya jingine, ingawa pampu haikuwa na nguvu hizo. Ijumaa, saa kumi na moja na dakika kumi jioni, nyuma ya jiwe la mwisho, pale ambapo mtu angetazamia kuona ukuta, palisimama miguu miwili.

Ilikuwa miguu ya mwanamke mzee, nayo ilionekana mpaka chini kidogo ya magoti, kwa sababu tangi lilikuwa na kina cha nusu mita na hapo ndipo maji yalipoishia. Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha. Octave alikijua. Ukucha ule ulichukuliwa na tofali mwaka 1981, walipokuwa wakijenga jiko. Alichukua simu, akampigia mama yake.

"Mama, uko wapi?"

"Niko kwa ziwa, niko nasafisha masufuria. Juu ya nini unauliza?"

"Niko naona miguu yako."

Sufuria iligonga jiwe.

"Ya kuume ao ya kushoto?"

"Yote mbili."

"Imezeeka," alisema Mama Orpha. "Usionyeshe wageni."

Tangu siku hiyo, saa kumi na moja ikikaribia, Octave alifunika cherehani. Wateja walijifunza kuja mapema. Alikunja mkono wa shati mpaka kwapani, akatia mkono nyuma ya lile jiwe la mwisho, ambako maji yalikuwa ya baridi kuliko hita ilivyoagizwa, akamshika mama yake miguu. Alimsugua visigino. Alimkata kucha kwa mkasi mdogo wa kufumulia nyuzi. Samaki walikuja kutekenya kama zamani, na Mama Orpha alicheka kwenye simu iliyolala mezani, kicheko cha msichana, mpaka akaogopa masufuria yataelea. Octave alijaribu kumpelekea kandambili mpya, lakini zilizama mchangani zikabaki Troyeville. Kilichoweza kupita ni mkono tu, na hakulalamika. Kwa miaka kumi na minne hata mkono haukuwa umepita.

Walizungumza mambo madogo. Mama Orpha alimweleza nani kaoa, nani kahama, mwembe upi umekatwa, na kwamba mtoto fulani aliyekuwa akimpiga Octave shuleni sasa ana upara na anamsalimia vizuri. Octave alikuwa akisikiliza huku amefumba macho, mkono ndani ya maji. Alikuwa na furaha nyakati hizo, na anayesema mtu mzima wa miaka hamsini na miwili hawezi kufurahi kwa kushika visigino hajakaa mbali na kwao.

Mwezi wa Oktoba, Octave alibonyeza kifundo cha mguu wa mama yake kwa kidole gumba, na shimo likabaki. Fundi anakiamini kidole chake. Alichukua futi kamba, akapima chini ya maji. Inchi tisa. Wiki iliyofuata inchi tisa na nusu. Mama hakuwa amesema neno, kwa hiyo Octave alimpigia dada yake Jeanne, aliyekuwa akiishi na mama huko Luhanga, na Jeanne alijizungusha kidogo kisha akakiri. Ni moyo. Madaktari wa Uvira walisema tangu Pasaka.

Sasa katika ukoo wao kulikuwa na desturi moja. Mzazi anapokaribia kukata roho, mtoto wa kwanza hukaa mwisho wa kitanda na kumshika miguu mpaka ipoe, ili asianze safari akiwa peke yake. Octave aliishika ya baba yake mwaka 1996, saa tatu nzima, ganzi ikampanda mpaka kiunoni, na hakuachia. Yeye ndiye mtoto wa kwanza, na kazi ile haina msaidizi.

"Wakati yangu ikifika," alisema Mama Orpha siku moja, "unajua kazi yako."

"Najua, mama."

"Ikuwe kwa kitanda, ikuwe kwa maji, miye sichague."

Octave alichukua karatasi yake, akaenda ofisini kuomba ruhusa ya wiki mbili. Alihudumiwa na afisa mwanamke mwenye miwani, asiye na jeuri. Afisa alimweleza kwamba mtu anayerudi katika nchi aliyoikimbia anathibitisha kuwa haiogopi, hivyo faili lake hufungwa, na mpakani hatapokelewa tena. Octave alimweleza kwamba miguu ya mama yake iko sebuleni kwake, mpaka chini ya magoti, na inavimba. Afisa aliuliza kama ana barua ya daktari. Hakuwa nayo. Afisa akamwita anayefuata.

Kilichobaki kikawa tangi, na Octave alilitunza kwa kufa na kupona. Kila Jumamosi alitoa robo ya maji, akaweka mengine aliyoyalaza kwenye ndoo na kuyatia dawa ya kuondoa klorini. Alipima joto asubuhi na jioni. Mgao wa umeme ulipokuja, pampu ikazima, ziwa lilirudi nyuma na miguu ikafifia mpaka taa ziliporudi, kwa hiyo alinunua betri ya gari na kuiunganisha na pampu, akawaacha watu wa nyumbani wale kwa mshumaa. Léocadie alipika gizani bila kunung'unika. Alimpenda mama mkwe wake, ingawa alikuwa hajawahi kuonana naye zaidi ya miguu.

Mwisho wa Machi 2019 kifundo kilifika inchi kumi na moja, na kikundi cha maombi cha kanisa lao kilisema kitakuja Jumapili kumwombea mgonjwa. Watakaa sebuleni, mbele ya tangi, kwa kuwa ndiko mgonjwa aliko. Mama Kongo yeyote anajua maana ya wageni wa maombi. Tangu Jumamosi alfajiri Léocadie alifua mapazia, akasugua kuta, akapaka viatu rangi, akatoa nje makochi yote. Octave alikuwa ameenda Turffontein kununua mawe ya chokaa. Léocadie alifika kwenye tangi, akafungua kichujio, akaliona sponji. Lilikuwa jeusi tititi, linateleza, na linanuka tope la zamani.

Alifikiri: wageni waje kumwombea mama mkwe wangu katika harufu hii? Akalipeleka bombani. Alilifua kwa sabuni ya vyombo, akalitia Jiki, akalisuuza mara saba, mpaka likawa la njano kama siku lilipotoka dukani. Kisha alilirudisha mahali pake na kufunga kifuniko vizuri. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hili liandikwe, maana baadaye kuna waliosema mengine.

Jumapili wakati wa maombi maji yalikuwa na ukungu kidogo. Jumanne yalikuwa meupe kama maji ya kuoshea mchele. Samaki walipanda juu wakitwetea. Octave alitia mkono nyuma ya jiwe la mwisho, na kidole chake kikagonga kioo.

"Mama Falonne," aliuliza, "nani alifungua kichujio?"

"Ni miye. Nililifua lile sponji."

"Na nini?"

Léocadie alimwambia na nini. Octave alitoka nje, akakaa kwenye ngazi ya mlango na kikombe chake, na chai ikapoa humo humo. Alikuwa na hasira ya kutisha. Kulikuwa na neno mdomoni mwake ambalo lingetoka lisingerudi, na alilikalia mpaka giza likaingia. Halafu alimpigia Othmani.

Othmani alikuja na ndoo. Ndani mlikuwa na sponji la tangi lake kongwe, likichuruzika maji ya rangi ya kahawa.

"Hili lina miaka tisa," alisema. "Usiliguse kwa maji ya bomba, wala usilifikirie vibaya."

"Itachukua siku ngapi?"

"Wiki mbili, labda tatu. Hawa wadudu hawana haraka, bwana wangu. Hata ukiwalilia."

Samaki watatu walikufa wiki hiyo. Jike mmoja aliyekuwa amebeba watoto mdomoni, kidevu kimemtuna, alikaa pembeni mwa tangi bila kula na hakuwatema. Octave alihamishia kiti chake hapo na kulala hapo.

Jeanne alipiga simu kila siku. Mama hawezi tena kutembea mpaka ziwani. Mama anataka abebwe. Wajukuu wanambeba kila jioni na kiti cha plastiki, wanamkalisha majini, miguu ndani. Kila jioni anauliza, Octave ameshika? Wanamwambia bado. Anasema basi tungoje kidogo, wanangoja mpaka baridi inaanza, wanamrudisha nyumbani. Octave alisikiliza haya yote akiwa ametia mkono katika maji meupe mpaka begani.

Alhamisi ya pili ya Aprili Jeanne alipiga saa mbili usiku.

"Yaya," alisema, kama wanavyomwita kaka mkubwa kwao, "mama ametuacha. Ilikuwa kumi na moja na nusu. Pale pale kwa kiti."

"Nani alimushika miguu?"

Jeanne alilia kwanza.

"Hakuna mutu. Miye nilitaka, akanifukuza na mukono. Alisema miguu iko na mwenyewe."

Saa kumi na moja na nusu siku hiyo Octave alikuwa na mkono ndani ya tangi, na alichokuwa amekishika ni jiwe la chokaa.

Mazishi yalikuwa Jumamosi huko Luhanga, na Troyeville watu walikaa matanga siku tatu. Wanawake wa kikundi cha maombi waliimba. Léocadie alilia kuliko wote, na hakuna aliyehitaji kuuliza sababu. Hakula. Siku ya tatu wageni walipoondoka alikuwa bado amekaa jikoni sakafuni, akitazama mikono yake. Octave alipakua ugali na maharage, akaweka sahani mbili mezani.

"Mama Falonne," alisema, "kuja tule."

Hilo tu. Akaja, wakala.

Maji yalitakata Ijumaa iliyofuata. Saa kumi na moja na dakika kumi miguu ilisimama nyuma ya jiwe la mwisho. Haikuwa imevimba. Octave alichukua futi kamba, akapima: inchi nane na robo, kipimo cha mwanamke mwenye afya njema. Akaiweka kamba kando, akatia mikono yote miwili, akaishika. Ilikuwa ya baridi tayari. Aliishika hivyo hivyo saa tatu, akalia kwa sauti, na mwanzoni alimwonea haya Falonne, baadaye hakumwonea. Falonne alizima televisheni, akaja kukaa karibu naye.

Siku iliyofuata miguu ilikuwa mbele ya jiwe la mwisho badala ya nyuma yake. Jumapili ilikuwa imefika jiwe la kati. Ilitembea taratibu, hatua moja kwa siku, na samaki waliipisha kisha wakarudi kwenye magomvi yao. Jumatano vidole viligusa kioo upande wa sebule. Léocadie alitandika taulo sakafuni na kufunga dirisha, maana Aprili ya Johannesburg ina upepo.

Namna Mama Orpha alivyotoka kwenye tangi la nusu mita hakuna aliyeiona vizuri, kwa kuwa wakati huo umeme ulikatika kwa dakika mbili. Uliporudi alikuwa amesimama juu ya taulo, kitenge kinachuruzika, mfupi kuliko Octave alivyomkumbuka. Alimtazama mwanawe, akamshika shavu. Aliizunguka sebule kwa macho, kuta, mapazia, makochi, kisha akamgeukia Léocadie.

"Mukwe wangu," alisema, "hii nyumba yako iko safi."

Léocadie aliingia jikoni, akafunga mlango, akakaa huko muda mrefu.

Walimpa kitanda cha Falonne, na Falonne akalala kwenye kochi. Mchana Mama Orpha alichambua maharage mbele ya televisheni na kumsimulia mjukuu wake habari za Luhanga kwa Kiswahili. Falonne alijibu kwa Kiingereza, na hakuna aliyeonekana kukosa kitu. Mama Orpha hakula, lakini alipenda kukaa mezani wakati wa chakula. Othmani alipokuja kukagua samaki alimwamkia shikamoo, akaulizia msiba, naye akamjibu kwamba ulienda vizuri, watu walikuwa wengi.

Juni karatasi ya Octave ilikuwa imefika mwisho wake. Alipanga foleni, na saa tano akamfikia afisa yule yule mwenye miwani, aliyekuwa na fomu mpya mbele yake. Anwani ni ile ile? Ile ile. Kazi? Ile ile. Watu wangapi wanalala nyumbani?

"Wanne."

"Hapa pameandikwa watatu."

"Mama yangu amekuja."

"Ameingia lini?"

"Jumatano, mwezi wa nne."

"Kwa mpaka upi?"

Octave alifikiri, akaona heri ukweli. "Kwa maji. Na kabla hajaja alikuwa ameshakufa, siku kumi na tatu."

Afisa aliandika. Alipomaliza aliuliza kama mama huyo ana karatasi yoyote, na Octave akasema hana. Afisa alivua miwani, akaifuta kwa kitambaa. Alieleza, bila jeuri, kwamba kufa hakumwondolei mtu wajibu. Yeyote anayelala ndani ya nchi hii na hakuzaliwa humo lazima aje mwenyewe, na picha mbili, achukuliwe alama za vidole, afunguliwe faili. Kwa siku wanapokelewa hamsini wa kwanza. Kisha aliigonga mhuri karatasi ya Octave. Miezi sita.

Nyumbani Mama Orpha alikuwa amekaa karibu na hita, blanketi magotini. Octave alivuta kigoda, akamweleza yote, polepole.

"Foleni inaanza saa ngapi?" aliuliza mama.

"Kumi ya alfajiri. Tunasimama mpaka wafungue, saa mbili."

"Na wakisema murudi kesho?"

"Tunarudi kesho."

"Weye umefanya hivi miaka ngapi?"

"Kumi na tano, mama."

Mama Orpha alimtazama mwanawe usoni, mvi zake, mabega yake ya kuinamia cherehani, kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Na miye," alisema, "miaka yote ile nilizani ni kazi nyingi ndiyo ilikukataza kuja kuniona."

Kisha aliomba aamshwe saa tisa usiku, apate wakati wa kuchana nywele.